Mbwa Akimeza Dawa Kupita Kiasi: Hatua za Kuchukua Tangu Dakika ya Kwanza

Kopo la dawa liko chini ya meza, kifuniko chake kimetafunwa hadi kimepoteza umbo, na mbwa amekaa pembeni akikutazama huku mkia wake ukipiga sakafu. Haonekani mgonjwa hata kidogo. Hali hiyo ndiyo inayowaponza wengi wenye mbwa, kwa sababu kidonge kilichomezwa lazima kwanza kiyeyuke tumboni, kiingie katika utumbo, kifyonzwe na damu na kufika kwenye ini, figo, moyo au ubongo, ndipo mnyama aanze kubadilika. Kwa baadhi ya dawa safari hiyo huchukua nusu saa. Kwa nyingine madhara makubwa huonekana baada ya siku mbili au tatu. Muda ambao mbwa bado anaonekana mzima ndio muda wenye thamani kubwa kuliko wote katika matibabu yake, na anayeutumia kusubiri dalili ili apate uhakika huwa anaupoteza.

Mwongozo huu unamhusu mbwa aliyekula dawa za watu, mbwa aliyekula dawa zake mwenyewe kuzidi kipimo, na pia yule aliyelamba dawa ya mifugo wakubwa. Utaratibu ni mmoja kwa wote: hesabu kilichomezwa, piga simu, na usimpe kitu chochote kwa mdomo mpaka daktari wa mifugo aseme. Daktari hawezi kukufanyia hesabu hiyo, maana aliye mbele ya kopo ni wewe.

Kwanza mtazame mbwa mwenyewe

Kuna hali moja tu ambayo hesabu inangoja. Ikiwa mbwa ameanguka na haamki, anapumua kwa taabu, anakakamaa na kutetemeka mwili mzima, au ufizi wake umekuwa mweupe, wa bluu au wa kahawia, usianze kuhesabu vidonge. Tia makopo na pakiti zote ulizoziona ndani ya mfuko, mbebe mbwa na uondoke kwenda kwa daktari wa mifugo aliye karibu zaidi, huku mtu mwingine akipiga simu njiani ili mkute wamejiandaa. Mbwa aliyeshikwa na degedege asiguswe kinywani. Hawezi kumeza ulimi wake, lakini anaweza kuuma vibaya bila kujitambua. Sogeza vitu vigumu vilivyo karibu na kichwa chake, punguza mwanga na kelele, na utazame saa, kwa kuwa degedege inayopita dakika tano ni hatari yenyewe kwa ubongo, mbali na dawa iliyoileta.

Ili ujue kama kuna mabadiliko, ni vizuri kujua hali ya kawaida. Mbwa mzima aliyetulia hupumua kati ya mara 10 na 30 kwa dakika, na moyo wake hupiga kati ya mara 60 na 140, wale wakubwa wakiwa karibu na kiwango cha chini na wale wadogo karibu na cha juu. Ukibonyeza ufizi kwa kidole kisha ukauachia, sehemu iliyokuwa nyeupe inapaswa kurudia rangi yake ya waridi ndani ya sekunde mbili. Wapo mbwa wenye ufizi mweusi kwa asili. Kwa hao, vuta taratibu kope ya chini ya jicho utazame rangi ya ndani.

Mwondoe mbwa, usiondoe ushahidi

Mtoe mbwa mahali pale na umfungie chumba kingine au umfunge kamba, pamoja na mbwa na paka wengine wote wa nyumbani. Vidonge hubingirika chini ya makabati, na mnyama wa pili anaweza kumaliza kilichobakishwa na wa kwanza. Kama mbwa ni mpole na anakubali, fungua kinywa chake utazame kwenye mashavu na juu ya ulimi, na uvitoe vipande unavyoviona. Akikataa, muache. Kidonge kimoja kilichobaki shavuni hakina thamani ya kidole chako, na mnyama aliyeshtuka akishindana nawe humeza haraka zaidi.

Kisha rudi mahali pa tukio na usifagie kitu. Kila kipande cha karatasi ya vidonge, kila kifuniko, kila chembe ya unga na hata matapishi, kama yapo, yana habari ndani yake. Kusanya vyote kwenye mfuko safi. Nimewahi kupiga magoti sakafuni nikipanga nusu za kidonge ubavu kwa ubavu mpaka zikatimiza kidonge kizima, na ingawa kazi hiyo inaonekana ya kipuuzi wakati moyo unakwenda mbio, ndiyo inayotofautisha kati ya “sijui amekula ngapi” na “hajazidisha vidonge vinne.” Kwa daktari hizo ni kauli mbili zilizo mbali sana.

Hesabu: dawa gani, ngapi, lini, kwa mbwa wa uzito gani

Hatua hii ndiyo ya kufanywa kwa makini kuliko zote, na kwa kawaida haipiti dakika tano.

Anza na jina. Soma jina la dawa yenyewe, ambalo huandikwa kwa herufi ndogo chini ya jina kubwa la kibiashara, pamoja na kipimo chake kwa miligramu. Dawa za mafua na kikohozi zinahitaji umakini wa ziada kwa sababu kidonge kimoja huweza kubeba dawa mbili au tatu kwa pamoja, na ile inayomhatarisha mbwa inaweza kuwa ya mwisho katika orodha. Angalia pia kama pembeni ya jina kuna herufi kama SR, XR au LA, zinazoonyesha kwamba kidonge kimetengenezwa ili kitoe dawa polepole. Kwa kidonge cha namna hiyo madhara huchelewa kuanza na hudumu muda mrefu, na hayo yote hubadilisha uamuzi wa daktari.

Baada ya jina, idadi. Toa vilivyobaki kwenye idadi iliyoandikwa kwenye pakiti, ukikumbuka kuondoa vile ambavyo mgonjwa mwenyewe alishavitumia, kisha ukihesabu vile ulivyoviokota sakafuni. Unapokuwa na shaka, chukua idadi kubwa zaidi inayowezekana. Ikiwa mbwa ni wawili na hujui nani alikula nini, mhesabie kila mmoja kana kwamba alikula vyote peke yake.

Kwa upande wa muda, chukua saa ya mapema kabisa ambayo tukio lingeweza kutokea. Kama ulitoka nyumbani saa mbili asubuhi na ukarudi saa tano, muda wa kuhesabia unaanza saa mbili, hata kama moyo wako unakuambia kwamba vipande bado vina mate mabichi.

Mwisho, uzito. Kama hujui uzito wa mbwa wako, panda kwenye mizani ukiwa umembeba, kisha upande peke yako, na utoe. Kwa mbwa mkubwa asiyebebeka, kisia, lakini kisia chini kuliko juu, kwa sababu mbwa mwepesi hupata dozi kubwa zaidi kwa kila kilo ya mwili wake.

Sasa gawanya. Tuseme pakiti ya vidonge 10 vya ibuprofen vya miligramu 400 imebakiwa na vidonge 4, na mbwa ana kilo 12. Vidonge 6 vilivyopotea ni miligramu 2,400. Ukigawanya kwa 12 unapata miligramu 200 kwa kila kilo. Kwa dawa hiyo, figo za mbwa huwa hatarini kuanzia takriban miligramu 175 kwa kila kilo, kwa hiyo mbwa huyu anatakiwa kuwa njiani kwenda hospitali sasa hivi, hata kama anarukaruka. Vidonge hivyohivyo 6 vikimezwa na mbwa wa kilo 40 ni miligramu 60 kwa kila kilo, kiasi ambacho hatari yake ya kwanza ni vidonda vya tumbo. Huyo pia anahitaji matibabu, ila daktari atampangia tofauti. Si kazi yako kukariri viwango hivi. Kazi yako ni kumfikishia daktari tarakimu ambazo ataweza kuzilinganisha navyo.

Piga simu, na useme yote

Mpigie daktari wa mifugo anayemjua mbwa wako. Kama hapatikani, piga hospitali yoyote ya wanyama iliyo wazi. Katika baadhi ya nchi, kama Marekani na Uingereza, kuna vituo vya simu vinavyoshughulika na sumu kwa wanyama peke yake, saa 24. Hospitali ya watu au duka la dawa vinaweza kukusaidia kusoma jina na kipimo cha dawa, lakini visikupe uhakika kwamba dawa hiyo ni salama, kwa kuwa mwili wa mbwa hauvunji dawa kama wa binadamu.

Maelezo yawe mafupi na yenye mpangilio, kwa mfano: “Daktari, mbwa wangu ni dume, ana miaka mitatu na kilo 12. Amemeza ibuprofen ya miligramu 400, vidonge visivyozidi 6, kati ya saa mbili na saa tano asubuhi. Hajatapika, anatembea vizuri, ufizi wake ni wa waridi. Anatumia dawa ya viungo kila siku, na figo zake hazijawahi kuwa na tatizo.” Kwa maelezo hayo daktari anaweza kuamua kabla hujakata simu.

Sema ukweli hata pale unapokuona vibaya. Sehemu kubwa ya matukio haya si ya mbwa mwizi bali ya mkono wa mwenye mbwa: mtu amemwona mnyama wake akichechemea akampa dawa yake ya maumivu kwa huruma, au mume amempa dozi ya asubuhi bila kujua kwamba mke alikwisha kumpa. Wapo pia wanaoficha kwa sababu kilicholiwa ni kitu kisichoruhusiwa kisheria. Daktari anakuuliza ili ajue atibu nini, na dakika kumi za kuficha aibu zinaweza kumfanya atibu ugonjwa usiokuwepo.

Usimnyweshe kitu

Hapa ndipo ninapoomba msomaji asome polepole, kwa kuwa mkono wa mtu mwenye hofu hukimbilia jikoni.

Maziwa hayaui sumu ya dawa. Yanaweza kumharishia mbwa na kuongeza ujazo wa tumbo, lakini kidonge hakijali kama kimeyeyukia kwenye maji au kwenye maziwa, na dawa zinazoyeyuka kwenye mafuta zinaweza hata kufyonzwa kwa urahisi zaidi. Mafuta ya kupikia ni mabaya zaidi: mbwa anayelazimishwa kunywa mafuta huyavuta mapafuni kirahisi, na nimonia inayotokana na hilo inaweza kumuua mbwa ambaye dawa yenyewe isingemuua. Chumvi, ambayo bado watu huitumia kumtapisha mbwa, hupandisha kiwango cha chumvi kwenye damu hadi ubongo ukadhurika. Kidole kooni huumiza koromeo na mara nyingi hakimtapishi mbwa kabisa. Mkaa wa kupikia uliosagwa si ule mkaa wa tiba unaotumiwa na madaktari. Ule wa tiba hutengenezwa kwa namna ya kuupa matundu mengi mno yanayonasa dawa, ilhali ule wa jiko ni vumbi tu, na ukiingia mapafuni huleta balaa.

Kuhusu kumtapisha nyumbani, lipo suluhisho moja ambalo daktari huweza kuliagiza kwa simu pale safari ya kufika kwake ni ndefu, nalo ni hidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, kwa kawaida mililita 1 hadi 2 kwa kila kilo, pasipo kuzidi mililita 45 hata kwa mbwa mkubwa. Nimetaja kipimo hicho ili ukielewe utakapoambiwa, na si ili uanze mwenyewe. Peroksaidi ya nguvu zaidi, kama ile ya kupakia nywele rangi, huunguza koo na tumbo. Na hata ile ya asilimia 3 huweza kuacha vidonda tumboni, jambo ambalo halifai kwa mbwa aliyekwisha kumeza dawa inayotoboa tumbo. Paka asipewe kabisa.

Kuna mbwa ambao hawapaswi kutapishwa nyumbani kwa njia yoyote: anayesinzia au kuyumba, aliyekwisha kupata degedege, anayepumua kwa shida, aliyeanza kutapika mwenyewe, mwenye pua iliyobonyea kama pug na buldogi, na yeyote aliyemeza pamoja na dawa kitu kinachounguza au mafuta ya taa. Kwa hao wote hatari ni moja, kwamba kinachorudi juu kitaingia njia ya hewa au kitaunguza mara ya pili. Tena kutapisha kuna faida hasa ndani ya saa moja au mbili tangu dawa imezwe; baada ya hapo sehemu kubwa imekwisha kuingia utumboni, na unachopoteza kwa kuhangaika nyumbani ni muda wa safari.

Dawa ambazo hazitaki kusubiri

Dawa za maumivu ndizo zinazoongoza kwa kuwadhuru mbwa, kwa sababu zipo karibu kila nyumba na watu huziona kama vitu vya kawaida. Ibuprofen, diclofenac na naproxen huondoa kinga ya utando wa tumbo na kupunguza damu inayofika kwenye figo. Naproxen ina ubaya wake wa pekee: kwa binadamu hutoka mwilini ndani ya siku chache, lakini kwa mbwa hutoka polepole zaidi na kuendelea kuzunguka, ndiyo maana hata miligramu 5 kwa kila kilo huweza kuleta vidonda. Mbwa aliyemeza dawa za kundi hili anaweza kucheza siku nzima kisha akatapika damu siku ya pili. Katika kundi hilohilo zimo dawa za viungo zilizotengenezwa kwa ajili ya mbwa wenyewe, zenye ladha ya nyama. Mbwa akilipata kopo lake hali kidonge kimoja, hula zote.

Paracetamol hudhuru ini, na kwa dozi kubwa hufanya damu ishindwe kubeba hewa, hivyo ufizi hugeuka kahawia na uso na miguu huvimba. Kwa mbwa hatari huanza karibu miligramu 100 kwa kila kilo. Kuna dawa ya kuikabili, iitwayo asetilsisteini, na hufanya kazi vizuri zaidi inapotolewa mapema kabla ini halijaharibika. Kama nyumbani kuna paka, mkague naye, kwa kuwa kidonge kimoja kinatosha kumuua.

Dawa za kifua kikuu zinahitaji kutajwa peke yake, maana watu wachache wanajua jinsi isoniazidi ilivyo kali kwa mbwa. Mwili wa mbwa hauna uwezo ambao binadamu anao wa kuigeuza dawa hiyo na kuitoa. Kidonge kimoja cha miligramu 300 kwa mbwa wa kilo 6 ni miligramu 50 kwa kila kilo, kiasi kinachoweza kuleta degedege na kifo, na degedege hiyo huweza kuanza ndani ya saa moja. Tiba yake ni vitamini B6 ya sindano, kwa kiasi kinacholingana na dawa iliyomezwa, gramu kwa gramu. Ikiwa hiyo ndiyo dawa, itaje mwanzo kabisa wa simu, ili daktari aitafute vitamini hiyo wakati mko njiani. Dawa za kawaida za kutuliza degedege peke yake mara nyingi hazitoshi.

Dawa za shinikizo la damu na za moyo, kama amlodipine, atenolol na propranolol, zina nafasi ndogo sana kati ya dozi ya kawaida na dozi ya hatari. Kidonge kimoja au viwili vinaweza kumtosha mbwa mdogo. Dalili yake ni udhaifu, kuanguka na moyo kwenda polepole mno, au mbio pale presha inaposhuka. Baadhi ya dawa za kisukari, hasa glibenclamide, hushusha sukari, na zinaweza kuishusha tena saa nyingi baada ya mbwa kuonekana amepona, kwa hiyo husimamiwa kwa siku nzima.

Dawa za kufungua pua zenye pseudoephedrine humpandisha mbwa mapigo ya moyo, joto na wasiwasi, na huweza kuua kwa takriban miligramu 10 kwa kila kilo, maana yake kidonge cha miligramu 60 kwa mbwa wa kilo 6. Kifaa cha pumu cha kupuliza chenye salbutamol kikitobolewa kwa jino hutoa kwa pigo moja dozi ambazo zingetumika kwa wiki nyingi. Katika dawa za maji na vidonge vya kutafuna, tafuta neno xylitol kwenye orodha ya viungo: utamu huo, ambao kwa binadamu hauna neno, hushusha sukari ya mbwa ndani ya nusu saa hadi saa moja, kuanzia gramu 0.1 kwa kila kilo.

Vidonge vya madini ya chuma vina hila yake. Mbwa hutapika na kuharisha kwa saa chache, kisha anaonekana amepata nafuu, na watu hufurahi. Halafu baadaye, wakati mwingine siku ya pili, anaanguka kwa ini na mzunguko wa damu. Mkaa wa tiba haunasi chuma, kwa hiyo kumtapisha mapema na uangalizi wa hospitali havina mbadala. Vitamini D kwa wingi hupandisha kalsiamu na kuharibu figo kwa siku kadhaa.

Kuhusu ivermectin, mara nyingi tatizo ni dawa ya mifugo wakubwa. Mrija mmoja wa dawa ya farasi umepimwa kwa mnyama wa zaidi ya kilo 500, na mbwa hulamba kilichodondoka au kilichobaki mdomoni mwa farasi. Baadhi ya mbwa, hasa wa jamii ya kolii na wachungaji wenzake, wana kasoro katika jeni iitwayo MDR1, iliyogunduliwa mwaka 2001 katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, Marekani, inayoufanya ubongo ushindwe kuitoa dawa hiyo. Huyumba, mboni hupanuka, hupofuka kwa muda, na anaweza kulala bila kuamka kwa siku kadhaa. Lakini wengi waliohudumiwa kwa subira hupona kabisa.

Zipo pia dawa ambazo kwa kawaida hazileti makubwa. Mbwa aliyekula antibiotiki ya amoxicillin mara nyingi ataishia kutapika na kuharisha, na dawa ya tezi, levothyroxine, mbwa huivumilia kwa dozi ambayo ingemtisha binadamu. Hata hivyo piga simu uambiwe hivyo na daktari.

Njiani na hospitalini

Beba pakiti, vipande, matapishi na karatasi yenye hesabu yako. Mlaze mbwa kwenye blanketi, kichwa kikiwa usawa wa mwili au chini kidogo endapo anatapika, na mtu mmoja akae naye nyuma akiandika saa ya kila badiliko: ametapika saa ngapi, ameanza kuyumba saa ngapi. Usimpe chakula, kwani kitazuia au kuchanganya matibabu.

Daktari anaweza kumtapisha kwa sindano ya apomofini au kwa matone ya jicho, kisha akampa mkaa wa tiba, wakati mwingine zaidi ya mara moja kwa dawa kama ibuprofen ambayo ini huirudisha tena utumboni. Baada ya hapo huja dripu, dawa za kulinda tumbo, na vipimo vya damu. Wenye mbwa hulalamika wanapoambiwa mnyama alazwe siku mbili wakati anatikisa mkia. Kipimo cha figo cha saa ya kwanza kinaonyesha figo zilivyokuwa kabla ya dawa. Ni kile cha siku ya pili na ya tatu kinachoonyesha dawa imefanya nini, na dripu inayoendelea wakati huo ndiyo inayozuia kipimo hicho kisiharibike. Kama gharama ni kikwazo, sema mapema na uulize ni hatua ipi ikiachwa itamgharimu mbwa maisha. Kwa kawaida kutapisha mapema ni rahisi kuliko kutibu figo.

Siku za kwanza akirudi nyumbani

Tazama kinyesi. Mbwa aliyepewa mkaa wa tiba atatoa kinyesi cheusi kwa siku moja au mbili, na hicho ni cha kawaida. Lakini kinyesi cheusi kinachonata kama lami, chenye harufu kali, hasa kinapoendelea baada ya mkaa kwisha kutoka, ni damu iliyosagwa na tumbo. Ukikisugua kwenye karatasi nyeupe yenye maji, damu huacha wekundu, mkaa huacha ujivu. Tazama mkojo pia: anayekunywa maji mengi na kukojoa mara kwa mara, au asiyekojoa kabisa, arudishwe. Macho na ufizi yakianza kuwa ya manjano, ini linalalamika.

Mpe chakula laini kidogokidogo, maliza dawa zote za kulinda tumbo hata kama anaonekana mzima, na usimpe dawa ya maumivu ya aina yoyote mpaka daktari aruhusu. Tarehe ya kurudi kupima damu isipitwe.

Ili kopo lisirudi chini ya meza

Kifuniko kinachowashinda watoto hakimshindi mbwa, kwani yeye hakifungui, hukivunja. Dawa zikae kwenye kabati lenye mlango unaofunga, juu ya kimo cha mbwa akisimama kwa miguu ya nyuma, na si juu ya meza ya kitandani wala ndani ya mkoba uliowekwa sakafuni, ambako mbwa wengi huzipata. Kijisanduku cha vidonge vya wiki nzima kina sauti ya mchezo kikitikiswa. Kitunze kuliko kopo. Unapokunywa dawa yako, funga mlango kwanza, na kidonge kikidondoka usiondoke mpaka kimeonekana. Kwa dawa za mbwa mwenyewe, bandika daftari dogo kabatini ambamo kila anayempa dozi anaandika saa na jina lake.

Ndani ya mlango wa kabati hilohilo, andika kwa herufi kubwa namba ya daktari wa mifugo, namba ya hospitali ya wanyama inayofungua usiku, na uzito wa mbwa kwa kilo, pamoja na tarehe uliyompima.